Kibiriti na Njia ya Moshono

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, kengele ya misheni ilipoanza kulia chini ya mlima, moto wa nyumba yetu ulikuwa umeshakufa. Saa hiyo naiandika kwa hakika. Hatukuwa na saa nyumbani, wala jirani yeyote hakuwa nayo, lakini kengele ile haikukosea, na mama mkwe wangu alikuwa na desturi ya kufukua majivu kila inapolia. Asubuhi hiyo alifukua mpaka kijiti chake kikagusa udongo. Hakuona kaa jekundu hata moja.

"Moto wa nyumba hii umejifunza kufa tangu uje wewe," aliniambia.

Ilikuwa miaka ya Wajerumani, reli ilipokuwa imefika Moshi karibuni. Nilikuwa mke mgeni. Nyumba ilikuwa juu ya Tengeru, upande wa Wameru, katikati ya migomba. Mimi nilitoka Moshono, kwa Waarusha, na Kimeru changu kilikuwa bado cha kuokoteza. Desturi ya pale ilikuwa kwamba mke mgeni hatoki uani bila kutumwa, wala haendi kwao mpaka azae. Kazi moja tu ilinitoa nje mara kwa mara, nayo ni kuomba moto.

Kuomba moto kulikuwa na utaratibu wake. Hukuenda mikono mitupu. Ulichukua ukuni mmoja, ukavuka korongo, ukaingia kwa jirani na kuusukuma ukuni wako katikati ya mafiga yake. Kisha ulikaa. Haikuwa adabu kuchota kaa na kuondoka. Ukuni wako ulipaswa kushika kwanza, ndipo jirani akachagua kaa, akalifunga katika ganda kavu la mgomba pamoja na kipande cha mavi makavu ya ng'ombe, ili liungue polepole njiani. Ukuni ukiwa unashika, watu huzungumza. Kwa hiyo kila moto uliohamia nyumba nyingine ulihama pamoja na habari.

Asubuhi zile nazikumbuka kama kitu nilichokiona chini ya maji. Ukungu uliteremka kutoka Meru ukakata vichwa vya migomba, ikabaki mashina tu, meusi, yakidondosha maji. Ungeona chembe nyekundu ikielea peke yake, ikishuka korongoni, ikipotea, ikitokea tena ng'ambo. Ulisubiri. Baadaye uliona mkono, na nyuma ya mkono mwanamke, na mwanamke akakusalimu kwa sauti ndogo kama mtu anayeogopa kuuamsha mlima. Siku nyingine zilionekana chembe tatu au nne, kila moja na njia yake. Kisha moshi ulianza kutoka kwenye paa moja baada ya jingine, mpaka mteremko wote ukawa unapumua.

Jirani yetu wa ng'ambo alikuwa mwanamke mnene, mpenda mzaha. Dada yake aliolewa Moshono, karibu na nyumba ya mama yangu, akiuza maziwa, na alikuja kumtembelea kila siku ya soko. Hivyo jirani huyu alijua habari za kwetu kuliko mimi niliyezaliwa huko.

"Karibu, mke wa moto," alinitania asubuhi ile. "Umekuja kuomba kaa au umekuja kuomba habari za mama yako?"

"Nimekuja kuomba kaa, mama."

"Haya, kaa chini. Ukuni wako mbichi leo, utachelewa. Afadhali." Akausogeza kando ya mwali ili uchelewe zaidi. "Dada yangu alikuja juzi. Mama yako anakohoa. Si sana, lakini anakohoa. Anasema ni vumbi la mahindi."

"Anakula?"

"Anakula na anagomba. Mtu anayegomba ni mzima."

Mama yangu alikuwa mjane. Kaka yangu mmoja tu aliyebaki alikaa na ng'ombe tambarare, akirudi mara chache. Sikuwa nimemwona mama tangu siku niliyopakwa mafuta nikatolewa mlangoni kwake. Nilitaka kumwona tena. Na kwa kuwa haikuwezekana, nilitaka kusikia habari zake. Habari hizo zilikuwa na njia moja, nayo ilipita korongoni.

Mama mkwe alidhani nauzima moto kusudi. Sikuuzima. Paa lilivuja upande wa jikoni, na kuni za msimu ule zilikuwa mbichi. Lakini sikusikitika ulipozimika, na nadhani alisoma hilo usoni mwangu. Kila niliporudi na kaa langu alitazama jua, kisha akatazama miguu yangu.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi Moshi, akipakua mizigo kwenye stesheni. Aliporudi mwisho wa mwezi, mama yake alikuwa amekwisha kumtumia salamu za kile anachokitaka. Alitoa mfukoni pakiti ya viberiti kumi, imefungwa kwa karatasi, akasema amenunua kila kimoja kwa hela tatu. Hela zilikuwa zile sarafu ndogo za Wajerumani. Mia moja zilifanya rupia moja.

Tuliketi jikoni mlango ukiwa umefungwa. Akakwaruza njiti. Ikatema cheche, ikanuka vibaya, kisha ikachanua ua dogo la njano lililosimama wima mkononi mwake, bila kuni, bila majivu, bila jirani.

"Tena," alisema mama mkwe.

Akawasha nyingine.

"Tena."

"Mama, zitaisha."

"Mwanangu, mimi nimeulinda moto tangu nilipoolewa. Niache niuone unavyozaliwa."

Akawasha ya tatu, naye akaitazama mpaka ikamfikia mwanawe vidoleni, mwana akaitupa. Hapo mama mkwe akanigeukia. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Sasa miguu yako itapumzika," alisema. "Hutavuka tena korongo."

Pakiti ile aliiweka ndani ya chungu cha chumvi, akakifunika. Hesabu yake ilikuwa hii: chumvi ilitoka dukani, kibiriti kimetoka dukani, vyote vya thamani, na chungu kile hakuna aliyekigusa ila yeye. Basi vikae pamoja.

Mume wa jirani alifanya kazi pale pale Moshi, naye akaleta vyake. Nyumba ya juu yetu ikafuata. Miezi michache baadaye hapakuwa na mwanamke aliyejisumbua kufunika makaa kwa majivu usiku, kwa kuwa asubuhi ungekwaruza tu. Sikuona tena chembe nyekundu ikielea kwenye ukungu. Moshi ulitoka kwenye mapaa kama zamani, lakini ulitoka kila mmoja peke yake. Majani yakaota kwenye njia ya korongoni, kwanza pembeni, kisha katikati. Niliyatazama kutoka uani nikichambua maharage. Siku za soko nilijua dada wa jirani amekuja, nikisikia vicheko vyao ng'ambo, wala sikupata neno hata moja lililosemwa.

Kisha masika yakaingia, na mvua ya mwaka ule haikuwa na mapumziko. Mlima haukuonekana kabisa. Kila kitu kilikuwa na rangi moja ya majivu, na sauti moja ya maji kwenye majani ya migomba, mchana na usiku, mpaka nikawa siwezi kusema kwa hakika kama niko macho. Asubuhi moja njiti za kibiriti cha tatu zilikwisha. Mama mkwe akafunua chungu ili achukue cha nne.

Chumvi ilikuwa imelia. Chini ya chungu kulikuwa na maji, na ndani ya maji karatasi ya pakiti imekuwa laini kama ngozi ya maziwa. Alitoa kibiriti, akakwaruza. Kichwa cha njiti kikabaki ubavuni mwa kasha kama tope jekundu. Akajaribu nyingine, na nyingine.

"Jaribu wewe," aliniambia. "Mkono wangu umezeeka."

Nilijaribu, lakini mikono yetu haikuwa na kosa. Viberiti saba vilikuwa vimekunywa maji ya chumvi, na majivu ya jikoni yalikuwa baridi kama mchanga wa mtoni.

Mama mkwe akarudisha kifuniko juu ya chungu. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Chukua ukuni."

Nikachukua ukuni, nikaingia kwenye majani ya korongo yaliyonifika magotini. Katikati kabisa, pale njia ilipogeuka kwenye jiwe, nikamwona mtu anakuja kutoka ng'ambo, amejifunika jani la mgomba kichwani. Alikuwa jirani yetu. Mkononi alishika ukuni.

Tukasimama tukitazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka.

"Usiniambie," alisema. "Usiniambie, mke wa moto!"

"Vimelowa vyote."

"Vyetu vimekwisha jana. Nikajua nyumba ya mama mkwe wako haiwezi kukosa, yule anajua kutunza." Alicheka mpaka akashika jiwe. Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono. "Nilitaka kukuona. Dada yangu alikuja wiki iliyopita, nikakosa kisingizio cha kukufikia. Mama yako amelala. Si kikohozi tena, ni homa. Hagombi."

Nyumba ya juu nayo ilikuwa baridi. Moto wa siku ile tuliupata mbali, jikoni kwa misheni, na mpishi wa pale akatuambia tusizoee. Siku ya pili alitupa kaa moja kwa nyumba tatu, tena kwa midomo iliyofura. Mama mkwe alirudi na ganda lake la mgomba, akalitua, akasema hawezi kuombaomba kwa wapishi katika umri wake. Mume wangu hakutarajiwa karibuni. Goti la mama mkwe mwenyewe lilivimba kwa baridi. Jirani alikuwa na mtoto mchanga. Nilimwona mama mkwe akipita kila jina moyoni mwake na kuliacha, mpaka likabaki la mwisho.

"Utakwenda mjini," aliniambia. "Utanunua vyetu na vya nyumba hizi mbili."

"Ndiyo, mama."

"Barabara inapita kwa mama yako. Usidhani sijui." Akanifungia fedha kwenye ncha ya nguo, akakaza fundo kwa meno. "Kibiriti kwanza. Mama baadaye. Ukianza na mama, watu huku watakula mahindi mabichi."

Niliondoka kengele ilipolia. Sikuwa nimewahi kwenda mjini, kwenye boma la Wajerumani upande wa kwetu, kwa Waarusha. Nilizaliwa karibu nao, nikaolewa, lakini hapakuwa na sababu ya kunifikisha huko. Mvua ilikuwa imepungua kuwa mvuke. Barabara ilipotea mbele na nyuma, nikatembea katikati ya duara dogo la ardhi lililosogea pamoja nami, na mito niliyovuka niliisikia kabla ya kuiona. Nilipofika panapochepuka njia ya Moshono, nilisimama.

Pale ukungu ulikuwa umeinuka kidogo, na migomba ya mama ilionekana, na mapaa ya majirani. Moshi ulitoka huku na huku. Juu ya nyumba ya mama haukuwapo.

Nilifikiri nikiwa nimesimama, na ninakumbuka nilifikiri kwa mpangilio. Kama hana moto, basi anahitaji moto. Mimi sina. Nikiingia mikono mitupu nitamshika mkono tu, kisha nitalazimika kutoka tena. Na huko nyuma nyumba tatu zinasubiri. Nikageuza uso kuelekea mjini, nikaenda nusu kwa kukimbia.

Mji ulikuwa boma jeupe, barabara pana, nyumba za watu wa pwani na maduka machache. Baraza la duka nililoelekezwa lilikuwa limejaa wanawake. Walitoka Levolosi palipokuwa bado mashamba, walitoka juu mlimani, wawili walitoka mbali kuliko mimi. Wote walinuka moshi wa jana. Wengi walikuwa hawajafika mjini kabla ya mwaka ule. Walikuwa wamekaa wakingoja zamu, na walipokuwa wakingoja walipeana habari: nani amezaa, nani amehama, ng'ombe wa nani wamekufa. Nilihisi nimerudi kando ya mafiga ya jirani, ila mafiga yenyewe hayapo.

"Leo mlima wote umekuja kununua moto," alisema mwenye duka, Mhindi mwembamba aliyevaa koti juu ya shuka. "Ulikuwa navyo, vimekwisha?"

"Vimelowa."

"Uliviweka wapi?"

"Kwenye chungu cha chumvi."

Baraza zima likacheka, lakini mwanamke mmoja nyuma akasema, "Msicheke, hata mimi." Mwingine naye akasema, "Hata mama mkwe wangu." Mwenye duka akatikisa kichwa, akanifungia viberiti kwenye kitambaa kikavu, akaniambia niviweke darini.

Nilirudi Moshono jua likiwa nyuma ya mawingu, katikati ya mbingu. Mlango wa mama ulikuwa wazi. Alilala upande wa ukuta, amejikunja, mdogo kuliko nilivyomwacha. Mafiga yalikuwa meusi na makavu. Zamani, mtu angeingia asubuhi kuomba kaa, akaona hakuna, akamwona na mama alivyolala. Lakini majirani wake sasa walikuwa na viberiti, na dada wa jirani yetu alipita jioni tu, akiwa na maziwa.

Akafumbua macho akanitazama bila kushangaa, kama mtu anayeendelea na ndoto.

"Umekuja kuomba moto mbali hivyo?" aliuliza. "Huko kwenu hakuna majirani?"

"Nimeleta, mama."

Nikakwaruza njiti moja. Ua dogo likasimama. Nikaliingiza kwenye majani makavu ya paa niliyoyachomoa ndani ya mlango, nikapuliza, nikaweka kuni nyembamba, kisha nene. Nikapika uji. Alikunywa kidogo, akalala, akaamka, akanigombeza kwa kuchomoa paa lake. Hapo nikatoka nje kulia.

Jioni dada wa jirani alipita na maziwa, nikamkabidhi viberiti vya nyumba zote tatu, nikabakiza kimoja. Alisema ataondoka alfajiri kwenda Tengeru. Nilimpa na neno la kumwambia mama mkwe: mama yangu ni mgonjwa, nimebaki, nitakuja. Sikujua neno hilo litanigharimu nini. Mke mgeni aliyelala kwao bila ruhusa angeweza kurudishwa moja kwa moja, na mahari kudaiwa.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo, na kila kitu kipya kilichoingia nyumbani nimekitazama kwa makini, kwa sababu ya chungu kile. Taa ya mafuta ilipokuja, walisema sasa mtu atakaa kwake usiku. Akakaa, na kila debe likiisha akaenda mjini. Cherehani ilipokuja, walisema nguo zitashonwa nyumbani; zikashonwa, na sindano ikivunjika mtu alikwenda mjini. Mume wangu alipoanza kutuma barua kutoka Moshi, walisema sasa hakuna haja ya kufuatana. Lakini barua ile ile ndiyo iliyonitoa kumtafuta wa kuisoma, kisha ikanifanya nijifunze kusoma mwenyewe, na nilipoweza kusoma nikataka kwenda kuona alikoiandikia. Wanaopanga barabara hutazama magurudumu. Mimi naona wangetazama pia jikoni.

Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, mama alikuwa ameketi akiegemea ukuta. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Nilisikia fimbo ikigonga mawe ya njia, polepole, ikisimama, ikigonga tena. Kisha kikatokea kivuli, kikawa mtu, na mtu akawa mama mkwe wangu. Alikuwa amelowa mpaka kiunoni. Mkono mmoja alishika fimbo. Mkono wa pili alishika ukuni.

Hakunisalimu mimi kwanza. Alimsalimu mama kwa heshima yote, akainama na goti lake bovu, akausukuma ukuni wake katikati ya mafiga yetu. Kisha akakaa. Nikajua hataondoka mpaka ushike.

"Umetembea yote hayo?" mama aliuliza.

"Nimekuja kukiangalia kibiriti changu kilichobaki," alijibu. Akautazama moto. "Na mwanangu huyu anavyokitumia."

Ukuni wake ulikuwa umelowa njiani. Ulifuka moshi, ukalia, ukatoa povu kwenye ncha, na hakuna aliyeuharakisha. Wazee hawa wawili walizungumza. Walikuwa hawajawahi kukaa pamoja tangu siku ya mahari. Walizungumza goti, mahindi, wanaume walioko Moshi, kikohozi. Nje hapakuwa na kitu ila weupe. Nilikaa kati yao, nikahisi nyumba imefunguliwa kamba ikaanza kuelea kwenye ukungu, sisi watatu ndani yake na moto mmoja.

Ukuni ulipowaka, mama mkwe akasema, akiuambia moto, "Kibiriti kikiisha, atakayekwenda mjini ni yeye huyu. Mimi goti sina. Na mtu akitoka mjini lazima apumzike mahali."

"Atapumzika hapa," alisema mama.

"Ndivyo nilivyosema."

Hivyo ndivyo nilivyopata njia. Mama alipona, akaishi kumwona mwanangu wa kwanza akitembea, na kila kibiriti kilipokaribia kuisha nilijua nitakwenda kumwona. Lakini siku ile alikuwa bado dhaifu, na alipenda kuchokoza alipoanza kupata nguvu, nami nilikuwa nimemsimulia habari za chungu.

"Mkwe," alisema, "hicho chungu cha chumvi ulichopikia viberiti, kimekula kiasi gani?"

Mama mkwe alifungua vidole saba, kimoja kimoja, juu ya mwali. Viberiti saba, kila kimoja hela tatu. Akavikunja tena akavipasha moto.

"Hela ishirini na moja," alisema.